Umeweka Nini Ndani ya Ngoma?

Vijana wangu mnaosomea ngoma, mliopo chuoni na mnaojiandaa kwenda, mwangaluka.

Mnapokuja kunitembelea hapa Somanda mnaniuliza habari za mikono tu. Mzee, ulifanyaje mpaka mkono wa kushoto ukalingana na wa kulia? Mzee, kijiti kinashikwaje? Nawajibu, nakunywa soda mliyoniletea, mnaondoka mmefurahi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za woga. Labda mnadhani mtu aliyefundisha ngoma chuo kikuu mpaka nywele zikamwisha hawezi kuwa mwoga. Mimi ni mwoga wa siku nyingi. Niliogopa nilipokuwa mwanafunzi, nikaogopa nilipokuwa mwalimu, na wiki hii naogopa tena.

Sababu ni hii. Ile ngoma kubwa mliyozoea kuiona kwenye kona ya sebule yangu, imefunikwa khanga, haipo. Mmoja wenu aliiazima aende nayo kwenye mtihani wake wa mwisho. Simtaji jina, na mkimjua msimtaje. Tulikubaliana ataniletea kabla ya mvua. Sasa ni wiki ya tatu simu yake haipatikani, na wenzake wananiambia hata mazoezini haonekani. Wengine mnasema ameniibia. Hajaniibia. Nina hakika najua kilichotokea, kwa sababu kilinitokea mimi, kwa ngoma hiyo hiyo, nikiwa na umri huo huo. Kwa hiyo leo nasema jambo ambalo walionitangulia wangenikataza kulisema. Wakinilaumu nitawajibu huko huko waliko.

Mimi nilisoma ngoma miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Simiyu haikuwa mkoa bado; sisi wa Bariadi tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni, betri na redio kaseti. Malori ya wanunuzi binafsi yalianza kuingia vijijini kununua pamba, yakishindana kupiga honi. Katikati ya mambo hayo nikachaguliwa kwenda chuo kikuu, Dar es Salaam, kusoma muziki, na katika muziki nikachagua ngoma. Majirani walimwonea mama huruma. "Mama Masanja, mtoto apelekwe mbali hivyo akasomee kupiga ngoma? Si angebaki hapa akapiga bure?" Mama alikuwa mjane, hana ng'ombe wa kulimia.

Mwalimu wetu wa ngoma alikuwa Mpare mmoja mwembamba. Tulimwita Mwalimu Tena, kwa kuwa ndilo neno alilolipenda. Ukipiga vibaya: "Tena." Ukipiga vizuri: "Tena." Miezi sita ya kwanza hakuturuhusu kugusa ngoma. Alitupa kila mmoja kipande cha ubao kilichofunikwa mpira wa tairi na vijiti viwili, na mbele yetu akaweka kisanduku cha mbao cha kupimia mwendo, chenye mshale unaoyumba na kugonga, ko, ko, ko, usiochoka wala usiomhurumia mtu. Nilikiogopa kisanduku kile kuliko mwalimu mwenyewe. Mtu aliyekulia kwenye ngoma ya kulimia anajua kwamba majembe yakichoka ngoma inapunguza, yakichangamka inaongeza. Kisanduku hakilimi. Kila siku nilikuwa nakiacha nyuma au kinaniacha, na Mwalimu Tena anasimama pale ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maumivu ya jino.

Kuhusu kushika kijiti, shikeni kama mnavyoshika mpini wa jembe. Ukiubana unakutoa malengelenge, ukiulegeza unakuponyoka. Gumba na kidole cha shahada ndivyo vinavyoshika, vingine vinasindikiza. Mwalimu Tena alikuwa anapita nyuma yetu bila viatu, anachomoa kijiti mkononi mwa mtu ghafla. Kikitoka kwa shida, ulikuwa umekibana. Kikitoka chenyewe kabla hajakigusa, alicheka.

Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja alileta darasani kinanda cha umeme, kipya, kimetoka Dubai kikapitia Kariakoo. Kilikuwa na kitufe: unabonyeza, kinapiga ngoma chenyewe, rumba, chacha, chochote. Tulicheka, tukacheza. Mwalimu Tena alibonyeza kile kitufe akasikiliza muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakusema "Tena."

Alisema, "Hiki hakikosei, hakili, wala hakidai nauli. Kwenye harusi watawaita ninyi au watakiita hiki?"

Tukaacha kucheza. Nilikuwa nimemwacha mama peke yake na jembe kwa ajili ya kazi ambayo kitufe kinaweza kuifanya. Mnaocheka, subirini, na ninyi mna simu zenu siku hizi zinazopiga ngoma vizuri kuliko hicho kinanda, na najua mnaamka nazo kichwani.

Basi Mwalimu Tena akabadilisha mtihani wa mwisho. Kila mmoja aende kwao, atafute ngoma ambayo kitufe hakiijui, afundishwe na mwenye ngoma, aandike mapigo yake kwenye karatasi, kisha aje aipige mbele ya watahini. Asiye na ngoma asije.

Kijijini kwetu ngoma ya namna hiyo ilikuwa moja. Ilikuwa ya kikundi cha kulima, na mtunzaji wake alikuwa Mzee Ngasa, mzee mrefu, mkali wa macho, ambaye alipokuwa akipita sisi watoto tulikuwa tunaacha mchezo. Kikundi kile kilikuwa kinalima mashamba ya wanachama wake kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, ngoma ikiwa mbele na majembe yakishuka pamoja. Mwaka wa kilimo ulifunguliwa na ngoma ile. Mvua ya kwanza ikinyesha, watu wanakwenda na majembe kwa Mzee Ngasa, anaipiga, ndipo kazi inaanza. Isipopigwa, hakuna anayeingia shamba la mwenzake.

Na ilikuwa inaogopwa. Ubavuni ilikuwa na tundu dogo la kupumulia, la upana wa kidole, na ukiitikisa unasikia vitu vikigongana ndani. Watu walisema ni dawa. Walisema kuna mtu aliwahi kuchungulia kwenye tundu akawa kiziwi. Sisi nyumbani tulikuwa Wakatoliki, mama kila jioni akisali rozari kwa kuhesabu mbegu za pamba kwenye kikombe, maana rozari yake ilipotea kabla sijazaliwa. Hata hivyo nilikuwa napita mbali na nyumba ya Mzee Ngasa, nikipiga ishara ya msalaba.

Nilikwenda kwake likizo, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa. Mama alinisindikiza. Wanakikundi kadhaa walikuwepo, wakitengeneza mipini.

"Mwangaluka, guku," nilimwamkia, yaani babu.

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu."

Nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Huko mnaandika ngoma kwenye karatasi?"

"Ndiyo, guku."

"Hiyo karatasi inalima?"

Watu wakacheka. Hakucheka yeye. Alinifundisha mapigo wiki tatu nzima, akinigonga viganja kwa mpini nikikosea, na siku ya mwisho akaitoa ngoma nje, akaiweka katikati ya watu.

"Sikiliza. Usiifungue. Hata ikilia vibaya namna gani, usiifungue. Na mvua ya kwanza iikute hapa." Akawageukia watu. "Kitu cha kikundi hakitoki bila mtu. Nani anasimama?"

Watu wakaiinamia mipini yao. Kisha nikasikia mama anasema, "Nasimama mimi. Isiporudi, mnitoe."

Alilisema kama mtu anayeomba chumvi. Mjane asiye na ng'ombe, nje ya kikundi, kwa jembe lake peke yake, angelima robo ya shamba na iliyobaki ingekuwa majani. Njaa ingeingia kwetu kabla mahindi ya wenzetu hayajakomaa. Ngoma ile nilivyoinyanyua, nilikuwa namnyanyua mama.

Nilisafiri juu ya lori la pamba mpaka stesheni ya Malampaka, kisha treni. Siku mbili njiani ngoma ilikuwa inanong'ona miguuni kwangu, vile vitu vya ndani vikigongana kila behewa linapotikisika. Mama mmoja aliyekaa mkabala nami aliuliza nimebeba nini. Nikasema ngoma. Akasema, "Mbona inaongea?" Akahamia kiti kingine, na abiria wengine wawili wakamfuata. Nilipata nafasi ya kunyoosha miguu, lakini sikulala.

Sasa sikilizeni, hapa kuna somo. Ngozi inakunywa hewa. Hewa ya kwetu ni kavu, ngozi inakaa imekaza, ukiigonga inasema ti. Dar es Salaam hewa ni ya maji. Wiki moja tu ngoma ile ilikuwa inasema pu, kama unapiga gunia la mpunga. Dawa yake ni moto wa majani makavu, na moto huo una adabu yake: ngoma inakaa mbali, unaizungusha, na kiganja chako kinakuwa juu ya ngozi wakati wote. Kiganja kisipovumilia, ngozi nayo haivumilii. Mzee Ngasa alinifundisha hayo, nayajua hata usingizini.

Lakini bwenini moto ulikuwa marufuku. Kwenye stoo ya chini tulikuwa na jiko la umeme la koili, la kuchemshia chai kwa siri. Nikajiambia joto ni joto. Nikaifudikiza ngoma juu ya jiko, juu ya matofali mawili, uso chini, nikasema ngoja nikachukue maharage kantini, foleni leo si ndefu. Msomi huyo, mwaka wa tatu.

Nilikuwa kwenye ngazi, sahani mkononi, niliposikia ta! Mlio mmoja tu, mkavu. Sikuuliza ni nini. Niliiweka sahani pale pale kwenye ngazi nikakaa chini. Nilipopata nguvu ya kwenda, niliikuta ngozi imepasuka kutoka ukingoni mpaka katikati.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mtihani ufike. Zile siku tatu za kwanza siwezi kuwaeleza vizuri. Chakula kilikuwa hakipiti. Ngoma niliifunika shuka nikaigeuzia mgongo, na kila nikifumba macho nilimwona mama anatoka kwa Mzee Ngasa na jembe lake begani, watu wakimtazama. Nilimwandikia barua: Mama, jitoe mwenyewe kabla hawajakutoa. Sikuipeleka posta. Nilifungasha begi. Nilikuwa na mpango wa kwenda Morogoro, ambako sikuwa na ndugu, sikuwa na rafiki, na ndiyo sababu niliichagua. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nawaambia, mwoga naye analia, ila anajifungia mlango kwanza.

Siku ya nne Mwalimu Tena akaja bwenini. Hakuwa na kawaida hiyo. Alitazama begi, akatazama shuka, akaifunua ngoma.

Kisha akasema, "Tena."

"Mwalimu?"

"Ngozi nyingine. Unaivua hii, unawamba nyingine."

"Mwalimu, hii haifunguliwi." Nikamweleza yote, dawa, kiziwi, mama. Nilitegemea atacheka, maana alikuwa mtu aliyesoma mpaka Ulaya. Hakucheka. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Na ikibaki hivi, inapigwaje?"

"Haipigwi."

"Basi fungua. Mimi nitasimama hapa mlangoni. Nikisikia umeanguka, nitaita watu."

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, wenzetu wako chakula cha mchana. Nilikata kanda za ngozi moja moja, nikisali Baba Yetu na kuruka maneno. Ukanda wa mwisho ulipoachia nilifumba macho. Nikasubiri nife. Nikasikia Mwalimu Tena anaita kwa sauti ndogo, "Masanja? Uko?"

Nikafumbua. Ndani ya ngoma kulikuwa na vitu saba. Senti ya zamani yenye tundu katikati. Kifungo cha koti. Kipande cha shina la kiko. Pete ya shaba iliyolika. Jino la ng'ombe. Shanga za kiunoni, kamba fupi. Na rozari ya mbao, nyeusi kwa kushikwa.

Niliviogopa vyote, lakini rozari niliiogopa kwa namna nyingine. Ni mganga gani anafanya dawa kwa rozari? Sikuigusa kwa mkono. Niliinamisha ngoma, vikadondokea kwenye shuka, nikavihesabu tena, saba, nikafunga fundo.

Ngozi ya kwanza niliipata kwa wauza ngozi, nzuri, nyeupe, kwa bei nafuu. Niliiwamba. Kesho yake asubuhi ilikuwa inatoka jasho, matone kabisa. Ilikuwa imetiwa chumvi isioze, na chumvi inaita maji. Kumbukeni hilo: kabla hujanunua ngozi, ilambe. Watakucheka, lamba. Nilipoteza siku mbili kwa kutolamba. Ngozi ya pili niliichukua machinjioni mbichi, ya ndama, nikaipara kwa kisu butu, nikailoweka, nikaiweka mstari wa uti wa mgongo upite katikati ya ngoma, maana pembeni mwa tumbo ngozi ni legevu na ngoma italia upande mmoja. Nikavirudisha vile vitu saba, nikakaza kanda mpya, nikaikausha kivulini siku tatu. Juani ingekauka siku moja na kupasuka ya pili.

Asubuhi ya mtihani niliwasha moto wa majani nyuma ya ukumbi, kiganja juu ya ngozi. Mwalimu Tena alisimama kando na ndoo ya maji. Mlinzi alikuja mbio kutufukuza, akaiona ngoma, akasema yeye ni wa Maswa, jirani na kwetu, akabaki kutuletea majani. Mbele ya watahini pigo la kwanza lilitoka kabla sijaliamua. Baada ya hapo mikono ilikumbuka yenyewe. Nilifaulu. Wenzangu walinibeba juu juu, nami nilikuwa nawaza mawingu.

Treni ilichelewa. Palipokuwa na daraja bovu tulikaa siku nzima na nusu. Nilipopata lori Malampaka, upande wa kwetu kulikuwa na giza la mvua, na nilipofika njia ya kijijini matope yalikuwa yananasa viatu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku uliopita. Haikuikuta ngoma.

Sikupita nyumbani. Niliwakuta wote kwa Mzee Ngasa, wamekaa chini, majembe yamelala mbele yao. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa. Mama alikuwa amekaa pembeni, peke yake, mikono mapajani. Hakuniangalia. Niliitua ngoma mbele ya mzee, nikapiga magoti kwenye matope.

Mzee Ngasa aliigonga kwa kidole kimoja. Mara moja tu.

"Hii ngozi si yangu."

Watu kama thelathini wakasogea kuitazama.

"Ndiyo, guku. Ilipasuka. Niliiacha motoni nikaenda kula. Mama hana kosa."

"Ndama wa wapi?"

"Dar es Salaam."

"Uliilamba?"

"Ya kwanza sikuilamba. Ilitoka maji."

Nikaona kitu kinapita usoni kwake. "Ulipofungua, uliona nini?"

Nikataja. Senti. Kifungo. Shina la kiko. Pete, jino, shanga. Niliposema rozari, wanawake watatu wazee wakaanza kucheka, na mama akajifunika uso kwa khanga mpaka mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Mzee Ngasa akasema, "Rozari ni ya mama yako. Alikuwa bibi harusi, hana hata mwezi. Tulimwachia ngoma siku moja, akaiegesha karibu na jiko akaenda kisimani. Alijificha kwenye pamba siku mbili. Tulimtafuta kama ndama." Akaonyesha kwa kidole kwenye ubavu wa ngoma. "Kiko ni changu mimi."

Akaniuliza, "Wewe umeweka nini ndani?"

"Sijaweka kitu, guku. Nimerudisha vyote saba."

"Basi hujaifunga. Kila aliyeipasua yumo humo. Tafuta kitu chako."

Nilikuwa na vijiti vyangu viwili kwenye begi, vile vya ubao wa mpira wa tairi, vya miaka mitatu. Alinipa kisu. Nikakata kichwa cha kimoja, kidogo kama punje ya karanga, nikakitia kwenye tundu la ubavuni. Nikakisikia kinaanguka na kugonga vya wenzangu. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu wote, kamasi na kila kitu.

Hawakunisamehe kuchelewa. Niliambiwa nitapiga mimi msimu mzima, shamba hadi shamba, na malengelenge niliyopata yalinifundisha kupunguza na kuongeza kuliko kisanduku chochote. Tulianza na shamba la mama.

Jioni ile nilimuuliza mama, "Mayu, kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia, ungeichunga?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Walioipasua wanajua, wasioipasua wanaachwa waogope, na woga wao ndio unaoilinda. Mzee Ngasa alipokaribia kuondoka duniani aliniita, mimi nikiwa tayari nimeajiriwa chuoni, akanikabidhi ngoma mbele ya watu. Wapo waliopiga vizuri kuliko mimi, na mmoja alinung'unika. Mzee akamjibu, "Asiyewahi kuipasua haachiwi."

Leo kikundi kimebaki na akina mama wachache, wengine wanalima kwa ng'ombe na trekta, lakini mvua ya kwanza wanakuja hapa Somanda kuifuata, na wataikuta kona tupu. Hilo naliogopa. Naogopa pia kwamba nikishaitoa siri hii hakuna atakayeichunga ngoma tena. Ila nimepima, nikaona mtu ni zaidi. Najua mtu akiwa na begi lililofungashwa anafikiria kwenda wapi. Mimi nilipata mwalimu wa kunifuata bwenini. Wewe uliyeiazima sijui umejificha wapi, ndiyo maana nimeandika kwa wote.

Kwa miaka mingi niliwaazimisha wanafunzi wangu ngoma ile. Wote waliirudisha nzima, wakashukuru, wakaenda zao. Kila mara nilikuwa naigonga kwa kidole, nasikia ngozi ni ile ile, na nasikitika kidogo. Sikuwahi kumwambia mtu. Siku hizi mikono yangu inatetemeka, hata kikombe cha chai nakishika kwa miwili, na bado sina wa kumwachia.

Mawingu yameanza kukaa upande wa Maswa. Njoo na ngoma hivyo hivyo ilivyo. Maelezo sitaki. Ngozi nimeshailoweka, na nimeilamba. Wewe tafuta kitu chako kidogo, kinachopita kwenye tundu.